Maumivu Yasiyoonekana

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemwumba mwanadamu akavitengeneza viungo vyake kwa hekima, akampa macho ya kuonea, masikio ya kusikilizia na mikono ya kufanyia kazi. Tunamshukuru kwa neema tunazozijua, na kwa zile ambazo hatuzitambui mpaka zipungue. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na wote walioufuata mwenendo wake mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu, mlio hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Ucha Mungu haumo katika sala na saumu peke yake. Umo pia katika namna mtu anavyouchukua mtihani uliomfika, na umo katika namna watu wa nyumbani wanavyomchukua yule aliyefikwa.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya mtihani ambao ni nadra kutajwa mimbarini, ingawa wenye kuubeba wamo katika safu zetu. Tunamkusudia mtu aliyepasuliwa mkono, jeraha likafunga, nyuzi zikatolewa, kovu likakauka, lakini mkono haukurejea kama ulivyokuwa. Vidole vina ganzi mchana na vinawaka moto usiku. Shuka likimgusa, yeye husikia kama amechomwa sindano. Kikombe kinamponyoka bila ya yeye kujua kuwa kimekwisha kumtoka. Amekwenda kwa daktari mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwisho ameambiwa kwamba la kupasua halipo tena, na kwamba sasa yampasa ajifunze kuishi na mkono huo.

Mtu huyu tunamjua. Ni mkulima aliyejikata kwa panga. Ni fundi aliyenaswa na mashine. Ni mvuvi aliyekatwa kiganja na mshipi. Ni mama aliyepasuliwa kifundo cha mkono ili apunguziwe ganzi iliyokuwa ikimwamsha usiku. Ni kijana wa shule aliyeangukia kioo. Kila mmoja ana habari yake, lakini wote wanashiriki jambo moja: wanaumwa na kitu ambacho wengine hawakioni.

Neno letu la leo, ndugu zetu, ni hili: maumivu yasiyoonekana ni maumivu ya kweli, na mwenye kuumwa ana haki ya kusadikiwa. Wala subira aliyoamrishwa si kunyamaza kimya mpaka moyo uvunjike.

Yatupasa kwanza tufahamu jambo lenyewe, kwa kuwa kuhukumu bila ya kujua ni dhuluma. Mkono wa mwanadamu una mishipa ya fahamu, ambayo wataalamu huiita neva. Iliyo mikubwa kiganjani ni mitatu. Wa kwanza hupita katikati ya kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa chini na utepe mgumu juu, ukisongamana humo pamoja na kano 9 za vidole. Huo ndio unaoleta hisia za kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Wa pili hupita nyuma ya kiwiko, na ndiyo maana mtu akijigonga hapo husikia kama umeme ukimshuka mpaka kidole cha mwisho. Wa tatu husaidia kunyanyua kifundo na kunyoosha vidole. Mishipa hii ndiyo ipelekayo amri ya kushika na kuachia, na ndiyo irudishayo habari ya moto na baridi, ya laini na kali.

Mwaka 1943 daktari Mwingereza, Herbert Seddon, aliyagawa madhara ya mishipa hii katika daraja tatu. Ya kwanza ni mshipa uliobanwa au kushtuka bila ya kukatika. Huo kwa kawaida hurudi kwa siku au majuma machache. Ya pili ni nyuzi za ndani kukatika na ala yake kubaki nzima. Ya tatu ni mshipa kukatika wote, na huo hauungi mpaka mpasuaji aushone. Na hata ukishonwa vizuri, nyuzi zake huota taratibu mno, kiasi cha milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole ni safari ya sentimita 15 hadi 18. Hesabuni wenyewe, ndugu zetu: ni miezi 5 au 6 na zaidi, tena baada ya majuma ya mwanzo ambayo mshipa hujitengeneza kabla ya kuanza kuota.

Na safarini humo si nyuzi zote zinazofika. Nyingine huzuiwa na kovu. Nyingine hupotea njia zikaingia mahali pasipo pao, mtu akaguswa hapa akasikia kule. Nyingine hujikunja mahali zilipokatika zikafanya kifundo kidogo, ambacho kikiguswa tu mtu huruka kwa maumivu. Na pengine mshipa ulikwisha kubanwa miaka mingi kabla ya upasuaji. Mpasuaji ameufungulia njia kama ilivyotakiwa, lakini madhara ya miaka hayaondoki kwa saa moja.

Ama yale maumivu ya kuwaka pasipo jeraha, mfano wake ni kengele ya mlango ambayo nyaya zake zimeharibika. Kengele inalia usiku kucha, na ukifungua mlango hukuti mgeni. Je, utasema kwamba kengele hailii? Inalia, na waliomo ndani hawalali. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861 na kumalizika mwaka 1865, tabibu Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwauguza askari waliopigwa risasi katika mishipa ya mikono na miguu. Majeraha yao yalikuwa yamepona, na bado walikuwa wakilia kwa kuungua, wakivifunga viungo vyao vitambaa vya maji mchana na usiku. Aliwasadiki, akaandika habari zao kwa makini, na tangu hapo waganga wanajua kwamba mshipa wa fahamu ulioumizwa unaweza kuendelea kutoa maumivu baada ya ngozi kufunga.

Ndugu Waislamu, sisi tuna mfano ulio bora na wa zamani zaidi. Imepokewa na Imam Muslim kwamba Uthman bin Abil-As (R.A.) alimshtakia Mtume (S.A.W.) maumivu aliyokuwa akiyasikia mwilini mwake tangu aliposilimu. Mtume hakumtaka aonyeshe jeraha. Hakumwambia kwamba anaonekana mzima. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alimwelekeza aweke mkono wake mahali panapouma, amtaje Mwenyezi Mungu mara tatu, kisha ajikinge kwa utukufu na uwezo wake mara saba na shari ya anayoyasikia na anayoyahofia. Alimsadiki kwanza, kisha akampa la kufanya. Huo ndio mwendo wa Mtume wetu kwa mtu mwenye maumivu yasiyoonekana.

Sasa na tutazame majumbani mwetu. Mama wa nyumba akiomba mtu mwingine amkunie nazi, huambiwa, mbona jana ulifagia ua mzima? Fundi akiomba apewe kazi nyepesi kwa muda, huambiwa kwamba mkono umepona na kilichobaki ni uvivu. Mwanafunzi akiandika ukurasa mmoja kisha akaiweka kalamu chini, mwalimu humhesabu kuwa mtukutu. Hawajui kwamba maumivu ya mishipa ya fahamu huja na kuondoka, huzidi kwa baridi na uchovu, na kwamba mtu aliyeweza jana huenda asiweze leo, na yote mawili yakawa kweli. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat ametukataza kufuata dhana, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Na ni dhana gani iliyo nzito kuliko kumdhania mgonjwa kuwa ni mwongo?

Tena wapo wanaomsadiki mgonjwa lakini wakakosea kwa upande wa pili. Humnyang'anya kila kazi, wakamlisha kama mtoto, wakasema mbele yake kwamba maskini huyu amekwisha. Hayo nayo ni madhara. Mkono usiotumika hukakamaa, na moyo usiohitajiwa na mtu hunyong'onyea. Haki yake ni kusaidiwa katika lile asiloliweza na kuachiwa lile analoliweza.

Huenda mtu akauliza: je, mwenye imani hatakiwi kusubiri tu, asishtaki? Jibu lake limo katika habari za Mitume. Nabii Ayyub (A.S.), ambaye kila mwenye taabu hupigiwa mfano wake, alimwomba Mola wake akamweleza kuwa madhara yamemgusa, na juu ya hayo Mwenyezi Mungu amemsifu katika Sura ya Sad kuwa ni mwenye subira. Nabii Yaqub (A.S.) alilia kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakaingia weupe, naye alikuwa akiipeleka huzuni yake kwa Mola wake. Kwa hiyo kusema unaumwa hakuiondoi subira. Kinachoiondoa subira ni kumchukia Mwenyezi Mungu kwa aliyoyakadiria, na kukata tamaa ya rehema yake.

Na ikiwa mtu anadhani kwamba mkono uliopooza umemshusha daraja, na asikilize habari za Talha bin Ubaydillah (R.A.). Siku ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, unaolingana na mwaka 625, Waislamu walipotawanyika, Talha alisimama mbele ya Mtume (S.A.W.) akamkinga kwa mkono wake. Mkono ule ukapooza. Qays bin Abi Hazim, aliyekuja baada ya masahaba, amesimulia katika kitabu cha Imam Bukhari kwamba aliuona kwa macho yake ukiwa umepooza. Talha aliishi na mkono huo zaidi ya miaka 30, mpaka alipouawa katika vita vya Ngamia, mwaka wa 36 wa Hijra. Katika miaka yote hiyo hakukaa pembeni. Alifanya biashara, alilea watoto, alitoa sadaka mpaka akajulikana kwa ukarimu wake, na alishauriwa katika mambo makubwa ya umma. Naye ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo.

Mkono wa Talha, ndugu zetu, haukurejea ulivyokuwa, wala yeye hakusubiri urejee ndipo aanze kuishi. Tunasema maneno haya na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa wema wake, na tunamtakia rehema na amani Mtume wake mwaminifu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumekwisha kueleza kwamba mgonjwa wa mkono ana haki ya kusadikiwa. Sasa na tueleze yampasayo yeye mwenyewe, kwani mwili ni amana, na amana hulindwa.

La kwanza ni kutafuta tiba bila ya kuchoka. Mabedui walipomwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba hapana maradhi yasiyowekewa dawa isipokuwa uzee. Na katika mapokezi mengine imeelezwa kuwa dawa hiyo yuko aijuaye na yuko asiyeijua. Basi daktari akisema kwamba upasuaji hauna la kuongeza, hakusema kwamba tiba imekwisha. Hospitali kubwa, kama KCMC ya Moshi na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili mjini Dar es Salaam, zina wataalamu wa mazoezi ya viungo, na kazi yao huanzia pale kisu kinapoishia.

Mtaalamu huyo humfundisha mgonjwa kuuzoeza mkono. Ngozi isiyostahimili kuguswa huanza kusuguliwa polepole kwa pamba, kisha kwa kitambaa laini, kisha kwa taulo, kisha mkono hutiwa ndani ya bakuli la mchele au mchanga mkavu, dakika chache kila mara, mara kadhaa kwa siku. Vidole vyenye ganzi hufundishwa upya: mtu hufumba macho, akapapasa sarafu, kifungo, ufunguo au ushanga wa tasbihi, akajaribu kukitambua, kisha akafumbua macho ahakikishe. Kazi hii ni ya miezi, na mwenye pupa huiacha katika juma la pili. Hapo ndipo pa kuonyesha subira: kurudia jambo dogo kila siku ijapokuwa matunda yake hayaonekani upesi.

Kuhusu dawa, yapo mambo mawili ya kuyajua. Vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu mara nyingi havifui dafu mbele ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Daktari anaweza kuandika amitriptilini, ambayo asili yake ni dawa ya huzuni iliyozidi, au gabapentini, ambayo asili yake ni dawa ya kifafa. Mgonjwa akisikia hivyo asifadhaike akadhani kuwa ameitwa mwendawazimu au mwenye kifafa. Dawa hizo hutuliza mishipa inayotoa habari za uongo. Huleta usingizi, kwa hiyo hutumiwa kwa kipimo cha daktari, wala haziachwi ghafla bila ya ushauri wake. Na mkono ukivimba, ukabadilika rangi, ukatoka jasho kupita kiasi, na maumivu yakazidi kuliko jeraha lenyewe, mgonjwa asingoje. Arudi hospitalini upesi, kwani hali hiyo ikiwahiwa mapema hutibika vizuri zaidi.

La pili ni kuulinda mkono wenye ganzi. Ndugu zetu, maumivu nayo yana neema ndani yake, kwani ndiyo mlinzi anayekwambia toa mkono motoni. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi huko Vellore, India, mwaka 1946, aliwatazama wagonjwa wa ukoma waliokuwa wakipoteza vidole. Watu walidhani kwamba vidole huoza kwa ukoma wenyewe. Yeye alibainisha kwamba sehemu kubwa ya hasara ile ilitokana na ganzi: mgonjwa alishika sufuria ya moto, alibana zana kwa nguvu, alijikata, na hakujua. Basi mwenye ganzi, hata kama sababu yake ni upasuaji, na afanye macho yake kuwa mlinzi. Apime maji ya moto kwa mkono mzima au kwa kiwiko. Ashike sufuria kwa kitambaa kinene. Anayeshona avae subana. Anayevuta sigara aache, kwani moto wa sigara humwunguza vidole asijue, na moshi wake huidhoofisha damu iendayo kwenye mishipa. Na kila usiku kabla ya kulala autazame mkono wake pande zote, atafute mchubuko au lengelenge asilolisikia.

La tatu ni ibada. Wako wanaoacha kuja msikitini kwa kuona haya, na wako wanaojitesa kwa kuogopa kuwa ibada yao haitimii. Wote wawili wajue kwamba dini yetu imejengwa juu ya uwezo wa mja. Mwenye bandeji au banzi asiloweza kulivua, katika madhehebu ya Imam Shafii huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bandeji, na hutayamamu kwa ajili ya pasipofikiwa na maji. Na kila mtu amwulize mwalimu wake juu ya hali yake mwenyewe. Jeraha likifunga, hurejea kwenye udhu wa kawaida, na ikiwa maji ya baridi yanamwumiza, na apashe moto. Asiyeweza kujimiminia maji, na amiminiwe na mkewe, mumewe au mwanawe, na mwenye kumsaidia ana thawabu. Asiyeweza kukinyanyua kidole cha shahada cha mkono wa kulia katika tahiyatu, sunna hiyo imemwondokea, na sala yake haina kasoro kwa sababu yake. Na aliyelazimika kula kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia hauwezi kushika tonge, hana lawama, na asilaumiwe mbele ya watu.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ukali usio na elimu umepata kuua. Abu Daudi amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) habari za mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwakasirikia sana, akawahesabu kuwa ndio waliomwua, akawafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Basi tusiwafungie wagonjwa mlango ambao Mwenyezi Mungu ameufungua.

Na wala asihuzunike aliyepunguza ibada za hiari kwa sababu ya mkono wake. Imethibiti kutoka kwa Mtume wetu kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na akiwa mjini kwake. Yule mwalimu wa chuo aliyekuwa akiwaandikia watoto ubao kila asubuhi, na leo hawezi kuushika wino, ana matumaini makubwa kwamba daftari lake halijafungwa.

La nne ni uadilifu baina ya mgonjwa na mpasuaji. Tabibu mkubwa wa Andalusia, Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu cha tiba chenye sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alionya kwamba asiyejua mahali pa mifupa, mishipa na nyama hana budi kutumbukia katika makosa ya kuua watu. Na Mtume wetu (S.A.W.) amebainisha kwamba anayetibu bila ya kujulikana kuwa na ujuzi hudhamini madhara aliyoyaleta. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza kilichofanyika ndani ya mkono wake, kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, kupewa maandishi, na kupeleka mashtaka kwa wahusika ikiwa amedhulumiwa. Kuamini kadari hakuifuti haki hiyo. Lakini mpasuaji mwenye ujuzi aliyejitahidi, na mshipa usirudi, si mkosa kwa sababu ya matokeo tu. Tuipeleleze haki kwa ukweli, tusiipeleleze kwa hasira.

Na tujihadhari na wanaoifanya ganzi kuwa duka. Mgonjwa aliyekata tamaa huambiwa kwamba mkono wake umekaliwa na jini au umefungwa na jirani, akauza mbuzi wake na shamba lake kulipa hirizi, akatoka na uadui wa jirani na mkono ule ule. Dua ni yetu sote na haina bei. Kuwatuhumu watu bila ya ushahidi ni dhambi mpya juu ya maradhi ya zamani.

La mwisho, ndugu zetu, ni wajibu wa jamaa na waajiri na walimu. Mwajiri ambaye mtumishi wake hawezi tena kazi ya cherehani, na amtafutie kazi ya kuhesabu, kupokea au kusimamia kabla ya kumwonyesha mlango. Mwalimu, na ampe mwanafunzi muda wa ziada, au amsikilize ajibu kwa mdomo. Mume, na aifanye kazi ya kukuna nazi na kukamua nguo bila ya kusubiri kuombwa. Watoto, na wafundishwe kutomshika baba mkono huo kwa ghafla. Na sote tumwulize mgonjwa wetu swali jepesi: leo mkono unasemaje? Kisha tulisadiki jibu lake. Mtu aliyeulizwa na kusadikiwa huupata usingizi ambao dawa peke yake haiuleti. Na akionekana kukaa peke yake, hali, hasemi, na hataki tena kuishi, hiyo nayo ni maradhi ya kupelekwa hospitalini, si jambo la kukemewa.

Mwislamu hufutiwa madhambi yake kwa kila taabu inayompata, hata kwa mwiba unaomchoma. Basi vipi kwa yule anayechomwa na mwiba usioonekana usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, naye bado anaunyanyua mkono ule kuomba dua?

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu kwa uponyaji usioacha maradhi. Yule uliyekadiria abaki na ulemavu wake, mpe nguvu ya kuuchukua, na mpe watu wa kumsadiki. Ewe Mola wetu, waongoze waganga na wapasuaji, tia uangalifu katika mikono yao na huruma katika ndimi zao. Zilainishe nyoyo za jamaa, zisimchoke aliyeugua muda mrefu. Utujaalie tuitumie mikono yetu mizima katika kheri kabla ya siku ambayo mikono itashuhudia. Utusamehe sisi, wazazi wetu, walimu wetu, na Waislamu wote, walio hai na waliokufa. Amina.

Simameni kwa Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.